Sola ya maji si sola ya taa: hesabu ya maji moto jijini Nairobi

Kila ikifika Julai, kundi la WhatsApp la mtaa wetu hugeuka baraza la baridi. Mmoja analia kwamba tokeni za elfu mbili hazikumaliza wiki mbili. Mwingine anatuma tangazo la sola lenye mama anayetabasamu chini ya shawa. Wa tatu anauliza kama hiyo sola itawasha na TV, wa nne anamjibu kwamba itawasha hata friji. Wa tano anasema usithubutu, ya kwake haikupunguza bili hata shilingi kumi. Kisha mazungumzo yanahamia kwa mbwa wa jirani na kila mtu anarudi kwa sufuria yake jikoni.

Watu wanabishana kuhusu vitu viwili tofauti kwa jina moja, kwa hiyo tuanze na jina.

Sola ya umeme ni zile paneli za rangi ya samawati au nyeusi zinazogeuza mwanga kuwa umeme. Umeme huo unaingia kwenye betri, unapita kwenye inveta inayougeuza uwe kama ule wa nyumbani, unawasha taa na kuchaji simu. Sola ya maji haitoi umeme hata chembe. Inachukua joto la jua na kulitia ndani ya maji, basi. Ukiona juu ya paa mirija ya kioo iliyopangwa kama ngazi, au bamba jeusi lenye kioo, na juu yake tenki la duara lililolala, hiyo ni ya maji. Haiwezi kuwasha TV. Ila katika kazi yake moja hiyo, inaishinda ile ya umeme kwa mbali: paneli ya umeme hunasa takriban sehemu moja ya tano ya nguvu za jua zinazoiangukia, ilhali mtambo wa maji hunasa nusu au zaidi. Ndiyo maana mwenye paneli nne za taa akijaribu kuendeshea shawa ya umeme, inveta hupiga kelele na kuzima. Shawa ile hula wati 5,000 na zaidi kwa mkupuo mmoja.

Jinsi joto linavyoingia kwenye maji wala si ufundi wa kutisha. Umewahi kufungua mpira mweusi wa bustani uliolala juani tangu asubuhi? Maji ya kwanza hutoka moto wa kuunguza mkono. Umewahi kuingia kwenye gari lililoegeshwa juani, madirisha yamefungwa, ukakuta usukani haushikiki? Rangi nyeusi hunywa mwanga na kuugeuza kuwa joto, nacho kioo huruhusu mwanga uingie kisha kikazuia joto lisitoroke. Bamba la sola ya maji ni mpira na gari vikiwa kitu kimoja: mabomba yaliyoshikana na karatasi ya chuma nyeusi, ndani ya boksi lenye kioo juu na sponji ngumu chini. Mirija ya kioo imeongeza akili ya tatu, ile ya chupa ya chai. Kila mrija una kuta mbili za kioo, na katikati yake hewa imefyonzwa yote. Kama chupa ya chai inavyotunza chai ya saa kumi na mbili asubuhi hadi adhuhuri, mrija hushika joto hata upepo wa Julai ukivuma.

Maji hayo yanapandaje hadi kwenye tenki bila pampu? Maji yakipata moto huwa mepesi, na mepesi hupanda. Tenki limewekwa juu ya mirija kwa sababu hiyo tu. Ya moto yanapanda tenkini, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake, mzunguko unaendelea mchana kutwa bila swichi wala waya. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, wenye mitambo ya aina hii waliendelea kuoga maji moto gizani.

Hadi hapo hakuna jambo geni. Babu zetu waliacha karai la maji juani. Jipya ni tenki. Jua lenyewe ni la bure, na Nairobi tunalo la kutosha. Tuko mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, na kila mita moja ya mraba ya paa lako hupokea nguvu za jua kati ya uniti 4 na 6 za umeme kwa siku (uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja), kutegemea msimu. Tatizo ni kwamba jua huja saa sita mchana, nawe unataka kuoga saa kumi na moja alfajiri. Pesa unazolipa dukani ni za kulihifadhi joto la saa sita hadi alfajiri. Ukielewa hilo, hutamuuliza tena muuzaji mirija ni mingapi kabla hujamuuliza tenki lina unene gani wa sponji.

Hesabu ya mtungi

Watu wengi hupotelea kwenye wati na kilowati. Tuhesabu kwa mtungi wa lita 20, ule tunaojua uzito wake ngazini.

Maji ya bomba Nairobi asubuhi ya baridi ni kama nyuzi 18. Maji mazuri ya kuoga ni kama nyuzi 40. Kupasha mtungi mmoja kutoka 18 hadi 40 kunahitaji takriban nusu uniti ya stima. Kuupasha hadi nyuzi 60, kiwango cha tenki la sola likiwa limeshiba, kunahitaji uniti moja nzima. Kumbuka hizo mbili tu: nusu uniti kwa mtungi wa kuoga, uniti moja kwa mtungi wa moto hasa. Hii ni fizikia, haibadiliki kwa sababu hita ni ya bei ghali au ina jina la Kizungu. Anayekuambia shawa yake ya umeme "haitumii stima sana" anaoga haraka, basi.

Sasa chukua nyumba ya watu watano. Shawa ya wati 5,500, kila mtu dakika nane kwa siku. Hiyo ni uniti 3.7 hivi kwa siku, uniti 110 kwa mwezi. Bei ya uniti angalia mwenyewe kwenye ujumbe wa tokeni: gawanya pesa ulizotuma kwa uniti ulizopata, kodi na makato yote yakiwemo. Tuseme umepata shilingi 28. Kuoga peke yake kunakula kama shilingi 3,080 kwa mwezi. Sola ikibeba robo tatu ya kazi hiyo kwa wastani wa mwaka, maana kuna siku za mawingu, unaokoa kama shilingi 2,300 kwa mwezi, elfu 27 na ushee kwa mwaka. Mtambo na ufundi wake ukikugharimu laki moja na nusu, umerudisha pesa zako katika miaka mitano na nusu hivi. Ukitunzwa utadumu zaidi ya hapo, na miaka inayobaki ni faida.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakihesabu. Bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa madaraja: anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi yuko la chini, hadi 100 yuko la kati, zaidi ya 100 yuko la juu. Ukiondoa uniti themanini za kuoga unaweza kushuka daraja, na hapo hata uniti za friji na pasi zinakuwa nafuu.

Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa mtu mmoja anayeishi peke yake kwenye bedsita. Uniti 22 kwa mwezi, shilingi mia sita na kitu. Sola ikimwokolea robo tatu ni shilingi 460. Hata akipata mtambo mdogo wa elfu sabini, atangoja zaidi ya miaka kumi na miwili kuona pesa zake. Huyo ningemwambia aweke hizo elfu sabini kwenye sako na aoge haraka. Matangazo hayasemi hivyo kwa sababu yanauza mtambo.

Swichi ya Utawala

Dada yangu na mumewe wana nyumba mtaa wa Utawala, hapa Nairobi, ghorofa moja, watoto watatu na msichana wa kazi. Waliweka sola ya lita 200, mirija ishirini, mwaka wa kwanza walipohamia. Maji yakawa moto saa zote, sifa zikatusumbua. Baada ya miezi mitatu shemeji akanipigia simu, sauti imeshuka. Bili ilikuwa vile vile. Karibu aamini yule wa WhatsApp.

Nilienda Jumapili. Tulipanda juu ya paa, mirija ilikuwa safi, tenki halivuji. Tukashuka. Kwenye korido, kando ya mlango wa bafu, kulikuwa na swichi kubwa nyeupe yenye taa nyekundu, nayo taa inawaka. Nikauliza hii ni ya nini. Dada akasema ni ya sola, fundi aliwaambia wasiizime. "Alisema, mama, wacha tu iwake, inajizima yenyewe."

Fundi hakusema uongo, na hapo ndipo ubaya ulipo. Karibu kila tenki la sola lina koili ya umeme ndani, ya akiba, kwa siku ambazo jua limekataa. Koili hiyo ina themostati: maji yakifika nyuzi ilizowekewa, inakata. Kweli inajizima yenyewe. Lakini pia inajiwasha yenyewe.

Fuatilia siku moja ya nyumba ile. Saa mbili usiku watoto wanaoga. Maji moto yanatoka, baridi yanaingia tenkini, themostati inahisi baridi, koili inawaka. Kufikia saa sita usiku tenki zima limepashwa upya kwa stima. Alfajiri watu wazima wanaoga, baridi inaingia tena, koili inawaka tena. Saa tatu asubuhi jua linapanda juu ya Utawala na kukuta tenki limeshajaa maji ya nyuzi 60. Ni kama abiria anayefika steji akakuta matatu imejaa na kondakta anafunga mlango. Jua lilikuwepo, mtambo ulikuwa mzima, ila nafasi ya joto lake ilikuwa imeshalipiwa usiku.

Tulizima swichi. Hiyo ndiyo matengenezo yote tuliyofanya. Mwezi uliofuata shemeji alinitumia picha ya mita bila maneno.

Ninaposikia mtu akisema sola ya maji ni utapeli, swali langu la kwanza siku hizi ni hilo: taa nyekundu inawaka? Koili iwashwe kwa mkono, jioni, siku ambayo umeonja maji ya bomba la moto saa kumi na moja jioni ukakuta ni ya vuguvugu. Kama nyumba ina watu wasahaulifu, taima ya elfu chache inayoiruhusu kuwaka saa moja tu kabla ya alfajiri ni pesa nzuri. Na kama mnaweza kuhamishia kuoga kwenu jioni, mnayatumia maji yakiwa kwenye kilele cha moto wake, na tenki linapata usiku likiwa na kidogo cha kupoteza.

Kuna tahadhari moja upande wa pili. Maji yakikaa wiki nzima katika uvuguvugu wa nyuzi 20 hadi 45, bakteria aitwaye Legionella anaweza kustawi humo, na husababisha homa mbaya ya mapafu kwa anayevuta matone yake madogo madogo hewani. Nyuzi 60 zinamuua. Jua la Januari linafika huko bila kusukumwa. Katika wiki ya mawingu mfululizo, koili iachwe ipandishe tenki hadi 60 mara moja.

Julai, mawingu, na swali la kaskazini

Watu wanadhani sola inahitaji hewa ya joto. Inahitaji mwanga. Siku ya Julai yenye baridi na anga wazi itapasha maji vizuri kuliko siku ya Aprili yenye joto na mawingu mazito. Shida ya Julai ya Nairobi ni kwamba mara nyingi baridi na mawingu huja pamoja: asubuhi nzima anga ni kijivu, jua linatokeza baada ya saa saba, wakati mwingine halitokezi kabisa. Mtambo wa bamba la mita 2 za mraba, ambao Februari hukupa joto la uniti 5 au 6 kwa siku, Julai unaweza kukupa 3. Anayekuahidi maji moto siku 365 bila stima amekaa nchi nyingine.

Je, uelekee wapi? Vitabu vingi vimeandikiwa watu walio mbali na ikweta, ambako kuelekeza vibaya ni kupoteza nusu. Sisi jua hutupita karibu juu ya utosi, mwelekeo una uzito mdogo. Ila kama paa linakupa uchaguzi, geuza kaskazini, kwa sababu Juni na Julai, miezi unayohitaji joto zaidi, jua la adhuhuri liko upande huo. Kati ya mashariki na magharibi ningechagua magharibi, kwa mawingu yale ya asubuhi. Na usilaze mtambo kabisa hata kama jua liko juu: mteremko kidogo, nyuzi 10 hadi 15, unasaidia maji moto kupanda na mvua kuosha vumbi. Kivuli ndicho adui wa kweli. Ghorofa sita inayojengwa ploti ya pili itakunyang'anya jua kuliko Julai kumi.

Mara nyingine muuzaji atakusukumia mtambo wa mzunguko uliofungwa, ambao kwenye mirija au bamba hamna maji ya kuoga bali kimiminika maalum kinachopeleka joto tenkini kupitia ukuta wa chuma. Atakuambia ni kwa ajili ya barafu. Limuru, ambako majani ya chai huungua kwa jalidi, nitamsikiliza. Nairobi mjini maji hayagandi juu ya paa. Sababu ya kweli ya kununua mtambo huo hapa ni tofauti kabisa, nayo ni chumvi.

Maji yenyewe

Maji ya bwawa la Ndakaini yanayotiririka mabombani ni laini, hayana taabu na mtambo. Lakini Utawala, Kasarani, Embakasi na kwingine kwingi watu wanaishi kwa maji ya visima, na maji hayo yana madini. Tazama ndani ya birika la umeme la nyumba inayotumia kisima: ukoko mweupe. Ukoko huo huo hujijenga ndani ya mirija na juu ya koili, na koili iliyovaa koti la chokaa inashindwa kutoa joto lake kwenye maji, inazidi kupata moto yenyewe, mpaka siku inaungua. Kwa maji hayo mzunguko uliofungwa una maana, au sivyo ujue utafungua na kuosha mara kwa mara. Ndani ya tenki nyingi za chuma kuna fimbo ya magnesiamu iliyowekwa iliwe na kutu badala ya tenki. Ikiisha, tenki ndilo linaloliwa. Fimbo hiyo ni ya bei ya chini sana ukilinganisha na tenki, na karibu hakuna fundi anayemwambia mwenye nyumba kwamba ipo. Uliza iko wapi siku ya kwanza, na ifunguliwe kila mwaka au miwili kwa maji ya chumvi.

Kisha kuna mgao wa maji. Mrija mtupu ukipigwa na jua la saa sita unaweza kupita nyuzi 200 ndani. Maji yakirudi ghafla saa nane mchana na kuingia humo yakiwa baridi, kioo kinapasuka kama glasi iliyomwagiwa chai ya moto. Mirija mingi "mibovu" ya Nairobi iliuawa hivyo, na waliolaumiwa ni Wachina. Tenki la maji baridi la kutosha, lililo juu ya tenki la sola, ndiyo bima yake. Ikitokea yote yamekauka, funika mirija kwa turubai au ungoja jioni ndipo ufungulie.

Kinyume chake, Februari, familia ikisafiri kwenda ushago wiki mbili, maji hukaa tu na kuzidi kupata moto. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na tenki la sola linaweza kukaribia hapo. Ndiyo sababu mtambo lazima uwe na njia ya kupumua, valvu ya kutoa presha au bomba la hewa, na ndiyo sababu nyumba yenye watoto inastahili valvu ya kuchanganya inayoongeza maji baridi kabla hayajafika bafuni. Maji ya nyuzi 70 humchubua mtoto kabla hajaita mama.

Jambo dogo linalokera kila siku: umbali. Mita 15 za paipu kati ya tenki na bafu hubeba lita 2 hadi 3 za maji yaliyopoa, na kila anayefungua bomba huyamwaga kwanza. Katika jiji ambalo mtungi hununuliwa, weka ndoo. Bora zaidi, mwambie fundi aweke tenki juu ya bafu, asiweke pale ambapo ngazi yake ilifika kwa urahisi, na avalishe paipu sponji.

Je, ni lazima kisheria? Swali hili huibuka kila mwaka pamoja na hofu ya faini. Mwaka 2012 zilitolewa kanuni za kitaifa zilizotaka majengo yenye mahitaji ya zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke sola, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka 5. Lita 100 ni mitungi mitano, kiasi cha nyumba moja ya familia. Miaka hiyo mitano ilikwisha zamani, na ukisimama juu ya ghorofa yoyote ya Eastleigh ukatazama paa zinazokuzunguka, utajua mwenyewe ni wangapi waliitikia. Sibishani na nia ya kanuni. Israeli imelazimisha sola ya maji kwenye nyumba mpya tangu 1980, na leo mitambo hiyo ni ya kawaida kwenye paa zao kama matenki meusi yalivyo kwenye zetu. Ila usinunue kwa kuogopa uvumi wa faini. Nunua kwa hesabu ya mtungi.

Na wapangaji, ambao ndio wengi Nairobi? Paa si lako, landilodi hajali kwa sababu tokeni halipi yeye. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni ploti ndogo ambapo wapangaji na mwenye nyumba wanakubaliana mtambo mmoja mkubwa, na nyongeza ya mia tano au elfu moja kwenye kodi ambayo bado ni chini ya kile shawa ingekula. Inahitaji mita ndogo ya maji moto kwa kila nyumba, la sivyo wa ghorofa ya juu watafua blanketi kila siku na wa chini wataoga baridi. Nimeona ploti moja wakigombana mpaka keateka akafunga valvu na kutembea na ufunguo mfukoni.

Shemeji amebandika selotepu juu ya ile swichi ya korido, na juu ya selotepu ameandika kwa kalamu nyekundu: ULIZA BABA. Anaibandua wiki tatu hivi kwa mwaka, nyingi zikiwa Julai. Msichana wa kazi ananiambia selotepu hubanduliwa pia usiku ambao mama mkwe yuko mjini, na hakuna anayemuuliza baba.